Nani Hulipa Gharama ya Uchawi? Uchumi wa Maajabu katika Simulizi za Kiswahili na Kiganda na Somo Lake kwa Michezo ya Kidijiti

Ikisiri

Michezo mingi ya kidijiti yenye ulimwengu wa kubuni humpa mchezaji uchawi usio na gharama: fedha hutoka hewani, majeraha hupona kwa neno moja, na safari ya miezi humalizika kwa kufumba jicho. Uchawi wa namna hiyo ungekuwapo kweli, bei, ajira na umiliki wa mali visingebaki kama vilivyo. Makala haya yanadai kwamba simulizi za Kiswahili na za Kiganda zimekwisha kulifikiria suala hili kwa undani kuliko michezo yenyewe. Kwa kuhakiki kisa cha Kintu na Nambi, Kisa cha Sultani Darai, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, pamoja na imani za chuma ulete na misukule, makala yanaonyesha kwamba katika fikra za wanajamii wetu uchawi hauumbi mali bali huihamisha, na kwamba daima yupo anayelipa. Historia ya simbi katika Buganda na pwani ya Zanzibar inatumiwa kupima dai hilo. Mwisho, makala yanatoa mapendekezo kwa watunzi wa michezo na washauri wa sera katika Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Tuanze na swali jepesi. Katika mji fulani wa kubuni yupo mchawi anayeweza kutoa mikate mia moja kwa kutamka neno moja. Je, mwokaji wa mji huo atakula nini? Mkulima wa ngano atamuuzia nani mavuno yake? Mwenye kinu je? Na mfalme atatoza kodi juu ya kitu gani, ikiwa soko la unga limekufa? Ulimwengu wa kubuni unaomwacha mchawi huyo aishi jirani na mwokaji bila lolote kubadilika ni ulimwengu ambao mtunzi wake hakuufikiria hadi mwisho.

Kasoro hii imeenea katika michezo ya kidijiti. Mchezaji huua zimwi, zimwi huacha sarafu, na baada ya muda mfupi zimwi jingine huzuka mahali palepale likiwa na sarafu nyingine. Nguvu za uchawi zikiisha hujijaza zenyewe, kama mtungi unaojijaza maji bila mtu kwenda kisimani. Pamoja na hayo, vijijini mwa michezo hiyo wahunzi bado wanafua vyuma, matabibu bado wanauza dawa, na wapagazi bado wanabeba mizigo, kana kwamba uchawi haukuwahi kuwafikia.

Wanauchumi wameyachunguza mambo haya. Mwaka 2001 Edward Castronova aliandika makala kuhusu Norrath, ulimwengu wa mchezo wa EverQuest uliotoka mwaka 1999. Kwa kutazama bei ambazo wachezaji waliuziana mali za mchezo kwa dola halisi, alikadiria kwamba pato la Norrath kwa kila mtu lilikuwa dola 2,266, kiasi kilichouweka ulimwengu huo wa kubuni kati ya Urusi na Bulgaria. Mwaka 2007 kampuni ya Iceland inayomiliki mchezo wa EVE Online ilimwajiri mwanauchumi, Eyjólfur Guðmundsson, ausimamie uchumi wa mchezo huo. Watunzi walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba fedha zikimwagika kutoka mabomba mengi bila mitaro ya kuziondoa, bei hupanda na juhudi za mchezaji mgeni hukosa maana.

Jibu lao, hata hivyo, lilikuwa la kiufundi: kuongeza ada, kuharibu silaha baada ya matumizi, kuuza mapambo ya bei kubwa. Hawakuuliza swali ambalo bibi anayesimulia hadithi hawezi kulikwepa: mali hii imetoka kwa nani? Makala haya yanashika swali hilo. Imani zitakazotajwa hapa zinasomwa kama simulizi zenye mantiki yake, si kama ushahidi wa mambo yaliyotendeka.

2. Uchawi hauumbi, huhamisha

Imani iliyo wazi zaidi kuhusu uchumi wa uchawi katika Kiswahili cha leo imo ndani ya jina lake lenyewe: chuma ulete. Wafanyabiashara wengi wa Tanzania wanaisimulia. Mteja hulipa kwa noti iliyofanyiwa dawa. Noti ikiingia katika droo ya fedha, huvuta zilizomo na kuzirudisha kwa aliyeituma. Jioni mwenye duka huhesabu mauzo na kukuta pengo asiloweza kulieleza.

Tuizingatie mantiki ya imani hii. Mchawi wa chuma ulete hawezi kutengeneza noti. Hana kiwanda, hana chapa, wala hatoi fedha hewani. Anachoweza ni kuondoa noti katika droo moja na kuitia katika mfuko mwingine. Jumla ya fedha sokoni haibadiliki hata shilingi moja. Kwa lugha ya wanauchumi, uchawi huu hauzalishi thamani bali hugawa upya thamani iliyokwisha kuzalishwa, tena bila ridhaa ya aliyeizalisha. Kitenzi “kuchuma” kimechaguliwa kwa kejeli: anayechuma si yule anayeleta.

Imani ya misukule inaipeleka mantiki hiyo hadi kwenye nguvukazi. Msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa na mchawi ili amlimie mashamba usiku. Hapa pia mchawi hapati mazao bila kazi. Shamba kubwa lililostawi bila vibarua kuonekana lina vibarua wake, ila wamefichwa. Simulizi haikubali kwamba mahindi yanaweza kuota bila jembe. Inachokubali ni kwamba jembe linaweza kushikwa na mtu asiyelipwa na asiyeweza kusema. Maneno haya yanasimuliwa katika ukanda ambao watu walichukuliwa utumwani kwa karne nyingi, na si ajabu kwamba utajiri usioeleweka unatafutiwa maelezo katika kazi ya watu waliotoweka.

Tukilinganisha na mchezo wa kidijiti, tofauti ni kubwa. Zimwi linaloacha sarafu halikumwibia mtu, na sarafu hizo hazikuwa za yeyote kabla ya kuanguka. Mchezo unamfundisha mchezaji kwamba mali ipo tu, ikingoja mwenye nguvu. Chuma ulete na msukule hufundisha kinyume: ukiona mali imezuka, tazama nani amepungukiwa. Bila shaka mtazamo huu una hatari yake, nasi tutairejea. Lakini kama nadharia ya uchumi wa ulimwengu wenye uchawi, ni madhubuti zaidi kwa sababu hauvunji kanuni ya uhaba.

3. Uchawi ni mkopo: Kintu na Sultani Darai

Kanuni ya pili ni ya wakati. Iwapo mali ya maajabu haionekani kumpunguzia mtu leo, basi deni lake litadaiwa kesho.

Kisa cha Kintu, mtu wa kwanza katika masimulizi ya Waganda, kwa kawaida husomwa kama hadithi ya asili ya kifo. Kinaweza pia kusomwa kama hadithi ya mtaji. Kintu anaanza akiwa na ng’ombe mmoja tu, na maziwa ya ng’ombe huyo ndiyo maisha yake. Anapokwenda mbinguni kumposa Nambi, Ggulu, baba wa binti, anampa majaribu: ale chakula cha kutosha watu mia, apasue mwamba uwe kuni, ajaze mtungi kwa umande, amtambue ng’ombe wake katika kundi kubwa. Kila jaribu linashindikana kwa nguvu za kawaida, na kila jaribu linafaulu kwa msaada wa ajabu. Mwishowe Kintu na Nambi wanashuka duniani na mifugo, kuku na mazao. Mtu aliyekuwa na ng’ombe mmoja sasa ana shamba zima, naye hakulima hata tuta moja.

Deni linaingia kupitia kitu kidogo mno: ulezi wa kuku. Ggulu amewaonya waende upesi na wasirudi, ili Walumbe, nduguye Nambi, asiwafuate. Njiani inakumbukwa kwamba ulezi umesahauliwa. Katika masimulizi mengine Kintu ndiye anayerudi, katika mengine ni Nambi. Vyovyote iwavyo, Walumbe anafuata. Na madai yake ya kwanza duniani si roho ya mtu. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, Walumbe anaomba mtoto mmoja wa Kintu amsaidie kazi ya kupika. Anaomba nguvukazi. Kintu anakataa, na hapo ndipo watoto wanaanza kufa.

Wahakiki wamezoea kuuona ulezi kama mfano wa uzembe. Tukiusoma kiuchumi, ulezi ni gharama ya uendeshaji. Kintu amepokea mtaji, yaani kuku, bila kukumbuka chakula chake. Mali ya ajabu haikumwondolea haja ya nafaka. Kinyume chake, iliongeza midomo ya kulishwa. Ndugu wa mke naye anawakilisha dai ambalo mahari na majaribu havikulimaliza. Kintu alidhani amelipa yote mbinguni, kumbe alilipa kwa miujiza, nayo miujiza haikukubaliwa na kila mdai.

Kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Zanzibar, kinakubaliana na cha Kintu kutoka upande wa pwani. Maskini anayepekua jaani anaokota thumuni moja na kununua paa. Watu wanamcheka. Paa huyo anasema, anaokota almasi, na kwa almasi hiyo anamposea bwana wake binti wa sultani. Anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba kubwa.

Jambo moja katika kisa hiki linastahili kutazamwa na kila mtunzi wa michezo. Paa hampelekei bwana wake almasi. Anafahamu kwamba almasi mkononi mwa fukara itaulizwa asili yake, na jibu ambalo watu watajipa ni wizi. Kwa hiyo anaanza kwa kumtengenezea bwana wake jina na heshima, na mali inafuata nyuma. Msimulizi wa Zanzibar alielewa kwamba thamani haimo ndani ya kito peke yake, bali katika uhusiano wa watu wanaokubali kwamba kito hicho ni halali ya fulani. Katika michezo mingi fukara huingia dukani na rubi kubwa kuliko ngumi, na mwenye duka hulipa bila kuuliza.

Mwisho wa kisa ni hesabu iliyofungwa. Paa anaugua, bwana wake, ambaye sasa ni tajiri, anaagiza apewe chakula duni. Paa anafariki kwa uchungu. Ndipo tajiri anapojikuta tena jaani, akipekua kama zamani. Mtaji wote ulikuwa mkopo, riba yake ilikuwa utu, naye alishindwa kulipa sehemu ndogo kabisa ya riba hiyo.

Hata hivyo kisa kina upofu wake. Nyumba ya nyoka ilikuwa ya nani kabla ya nyoka? Warithi wa walioliwa wako wapi? Msimulizi hajali. Deni linalohesabiwa ni lile la bwana kwa paa tu. Deni la bwana kwa waliopotea linafutwa na upanga. Hapa simulizi ya jadi inakaribia mno kosa la mchezo wa kidijiti: anayeua nyoka hurithi kila kitu.

4. Uchawi una gharama ya matunzo: Adili na Nduguze

Adili na Nduguze (1952) inaleta kanuni ya tatu, nayo inahusu dola. Riwaya hii imehakikiwa mara nyingi kwa maadili yake: wema wa Adili, ubaya wa nduguze Hasidi na Mwivu. Majina yenyewe yanaalika usomaji huo. Lakini tazama jinsi maajabu yanavyofichuka. Mfalme Rai wa Ughaibu hapati habari kutoka kwa mganga wala mpiga ramli. Kodi ya Janibu, nchi anayoitawala Adili kwa niaba yake, imechelewa. Rai anamtuma Ikibali kuifuata, na Ikibali akiwa mgeni wa Adili anashuhudia jambo la usiku: liwali anawachapa manyani wawili. Manyani hao ni nduguze, waliogeuzwa na Huria, jini ambaye Adili alimtendea wema, kwa kosa la kutaka kumuua ndugu yao.

Kwa maneno mengine, anayegundua uchawi ni mjumbe wa hazina. Shaaban Robert, ambaye alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi na aliyejua maana ya daftari la mapato, anaweka siri ya kijini mwishoni mwa safari ya kukusanya kodi. Ulimwengu wenye uchawi unaweza kumdanganya jirani na hata hakimu. Hesabu za mapato ni ngumu zaidi kudanganya.

Pili, adhabu ya Huria haijiendeshi. Adili analazimika kuwachapa nduguze kila usiku, na akiacha, yeye mwenyewe ataadhibiwa. Anayafanya hayo kwa moyo mzito. Uchawi umemwokoa na kifo baharini na umemlipizia kisasi, lakini umemwachia kazi ya kila siku isiyo na ujira. Katika mchezo wa kawaida, adui akigeuzwa mnyama jambo limekwisha. Katika riwaya hii kumgeuza mtu ni mwanzo wa gharama: lazima alishwe, afichwe, aadhibiwe, na atokapo mgeni aelezwe.

Udhaifu wa riwaya uko kwingine. Katika safari zao ndugu hawa wanafika katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na mali yao imebaki bila wenyewe. Mwandishi anauchukulia utajiri huo kama fundisho la kidini kuhusu kiburi cha binadamu, na swali la haki juu ya mali ya waliokufa haliulizwi. Aidha, hisani ya Huria kwa Adili inawezekana kwa sababu Adili ni mwema; wema ndio fedha pekee inayokubaliwa na jini. Hilo ni zuri kwa maadili, ila linaacha pengo katika uchumi wa kisa: watu wa kawaida wa Janibu, wasio wema kupita kiasi wala wabaya kupita kiasi, hawana njia ya kuufikia uchawi, wala hawaambiwi kama kodi iliyochelewa ilichelewa kwa hasara yao au kwa faida yao.

5. Kipimo cha historia: simbi

Msomaji anaweza kudai kwamba haya yote ni hadithi, na kwamba hakuna anayejua fedha zikizuka kutoka hewani hutokea nini. Afrika Mashariki inajua. Jaribio hilo lilifanyika kwa simbi.

Neno la Kiganda la fedha hadi leo ni ensimbi, na asili yake ni simbi hizihizi zinazookotwa ufuoni mwa Bahari ya Hindi. Buganda iko mbali sana na bahari. Kabla ya simbi kuenea, John Roscoe anaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1911 kwamba Waganda walitumia vijisahani vya pembe za ndovu viitwavyo sanga, na sanga moja ilikuja kuhesabiwa sawa na simbi 100. Simbi zilipoingia mara ya kwanza zilikuwa adimu, na chache mno zilinunua kitu kikubwa. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipozileta kwa wingi, ng’ombe mmoja akawa anahesabiwa kwa maelfu.

Upande wa pili wa bara jambo hilo lilitokea kwa kishindo kikubwa zaidi. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Kijerumani waligundua kwamba simbi za pwani ya Zanzibar, ambazo mtu yeyote aliweza kuziokota maji yakipwa, zilikubaliwa kama fedha Afrika Magharibi, ambako hadi wakati huo zilitumika zaidi simbi za Maldivi. Makampuni ya Hertz na O’Swald yalisafirisha maelfu ya tani. Kwa mfanyabiashara huyo, ufuo wa Zanzibar ulikuwa kama zimwi la mchezo: kila siku linazuka upya likiwa na sarafu. Kwa mwanamke wa Afrika Magharibi aliyeweka akiba yake katika simbi, matokeo yalikuwa kufifia kwa kazi ya maisha yake yote. Hakuna aliyemwibia hata simbi moja, na bado alifilisiwa. Huyo ndiye aliyelipa. Hapa ndipo kanuni ya chuma ulete inapothibitika katika historia bila uchawi wowote: fedha iliyozuka mahali pamoja ilivuta thamani kutoka kwenye mitungi ya watu waliokuwa mbali.

Kisha dola ikaingia, kama Ikibali alivyoingia Janibu. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Uingereza na Buganda uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3, na punde serikali ya himaya ikaacha kupokea simbi kwa malipo ya kodi. Aliyekuwa na mizigo ya simbi alijikuta jaani kama bwana wa paa. Lakini simbi hazikupotea Buganda. Ziliendelea, na zinaendelea hadi leo, kutumika katika kupiga ramli. Kitu kilekile kilichokuwa fedha kikabaki kuwa chombo cha uaguzi. Ndiyo kusema lugha ya Kiganda imehifadhi, ndani ya neno moja, fedha na uganga pamoja.

6. Kinachohatarishwa

Kwa nini washauri wa sera wajali? Sababu ya kwanza iko katika mitaa ya Kampala. Kwenye nguzo za umeme na katika matangazo ya redio watu wanaojiita waganga huahidi kazi, mpenzi aliyerudi na utajiri wa haraka. Uganda ina sheria ya uchawi ya mwaka 1957, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria mahususi ya kuzuia utoaji kafara wa binadamu, kwa sababu baadhi ya biashara hiyo imewagharimu watoto uhai wao. Katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta bahati katika uvuvi na machimbo. Sokoni uchawi una bei, na bei hiyo mara nyingi hulipwa na asiyekuwapo mezani wakati wa mapatano.

Makala haya hayadai kwamba michezo au hadithi husababisha uhalifu. Dai ni dogo zaidi: simulizi inayozoeza akili kuuliza “nani amelipa?” inampunguzia tapeli nafasi, na simulizi inayozoeza kutouliza inamwongezea. Shaaban Robert aliliona hili mapema. Katika Kufikirika, iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake, mfalme anawatumia waganga wa kila aina ili apate mtoto, na baadaye kwa ajili ya mtoto huyo inatakiwa kafara ya watu wawili, mjinga na mwerevu. Nchi nzima inageuka kuwa duka ambamo afya ya mmoja hununuliwa kwa damu ya wengine, na sheria inatumika kuhalalisha manunuzi.

Hata hivyo swali la “nani amelipa?” lina ukali wake. Likiulizwa bila ushahidi, linageuka “nani ametuloga?”, nalo limewaua vikongwe wengi Usukumani kwa tuhuma za uchawi. Kwa hiyo tunayoyahitaji katika simulizi ni hesabu inayoonekana. Adili na Nduguze inatuelekeza: siri inafichuliwa kwa daftari, mashahidi na mahojiano mbele ya mfalme, si kwa ramli. Ulimwengu wa kubuni uliosukwa vyema humwezesha mchezaji kufuatilia mali hadi chanzo chake, na kwa njia hiyo humfundisha kutofautisha upelelezi na tuhuma.

Yupo atakayepinga kwamba uhasibu wa namna hii utaua ajabu, na kwamba watu hucheza ili wapumzike na bei za dunia. Pingamizi hili linasahau kwamba msisimko wa Kintu umo katika ulezi uliosahauliwa, na uchungu wa Sultani Darai umo katika bakuli la chakula duni. Ondoa gharama, na visa vyote viwili vinakuwa orodha ya zawadi.

7. Mapendekezo na hitimisho

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wa azimio la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili lugha rasmi, pamoja na kukifundisha kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo unahitaji matini, na vijana wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam watayapokea matini mengi kupitia simu. Michezo ya kidijiti ya Kiswahili itatungwa. Suala ni kama itakuwa tafsiri ya ulimwengu wa wengine au la. Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, taasisi zinazofadhili utunzi wa michezo kwa ajili ya elimu zitake kila mchezo wenye uchawi uambatane na maelezo ya uchumi wake: mali inatoka wapi, inaishia wapi, na nani hupungukiwa.

Pili, watunzi watumie kanuni tatu zilizoonyeshwa hapa, yaani uhamishaji, deni na matunzo, kama sheria za mchezo. Mchawi anayesafirisha mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala kwa dakika moja awe na athari kwa madereva, kwa wauza chakula wa Malaba na kwa mapato ya forodha. Mchezaji akabiliane na athari hizo, achague kulipa fidia au kukwepa, na aishi na matokeo.

Tatu, walimu wa fasihi wasome Kisa cha Sultani Darai na kisa cha Kintu bega kwa bega. Mwanafunzi wa Uganda ataingia katika Kiswahili kupitia mlango wa nyumbani kwao, na yule wa pwani atagundua kwamba jirani yake wa ziwani amekuwa akiuliza swali lilelile.

Nne, wahakiki tuache kuyasoma maajabu ya fasihi yetu kama pambo la maadili tu au kama masalia ya imani za kale. Yamebeba fikra za kiuchumi zilizopimwa na historia ya biashara, utumwa na kodi.

Mwokaji wa mfano wetu wa mwanzo hayumo katika michezo mingi, kwa kuwa watunzi wake hawakumhesabu miongoni mwa wahusika. Katika simulizi zetu yumo: ndiye mwenye duka anayehesabu droo jioni, ndiye msukule shambani, ndiye paa mgonjwa anayeletewa chakula duni. Mchezo wa Kiswahili utakaomweka mtu huyo katikati utakuwa na jambo la kuwaambia wachezaji wa Kampala na wa Zanzibar, na hata wa Norrath.